Tairi Alizotaka Baba

Bweni la Wasichana,
Nachingwea.
7 Novemba 2025

Mpendwa Mjomba Lukumani,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mkaza mjomba Ashura pamoja na wadogo zangu Huzaifa na Samia. Je, kifua chako kimepona? Mama alituambia kwamba huko kwenye kiwanda cha samaki mnafanya kazi ndani ya chumba cha barafu, na tangu siku hiyo nakukumbuka kila nikisikia mtu anakohoa hapa bwenini. Mimi sijambo. Joto la Novemba limetushika, na bomba la shule linatoa maji asubuhi tu, lakini tumezoea.

Bibi Mwamina, mama yako, anaendelea vizuri na presha imeshuka. Bado anakataa kuhamia kwetu Ruangwa. Anasema akiondoka Mkotokuyana, korosho zake zitaokotwa na nyani wa miguu miwili. Kwa hiyo kila siku ya kliniki baba humfuata kwa gari, humleta hospitali hapa Nachingwea na kumrudisha. Wakipita getini kwetu mimi hutoka kumwamkia bibi, naye hunipa karanga zilizofungwa kwenye pindo la kanga yake.

Masomo ya Kidato cha Tatu ni mengi, lakini najitahidi. Kiswahili na Jiografia nafanya vizuri. Hesabu bado inanitazama kwa jicho baya.

Huenda unashangaa kwa nini nakuandikia barua siku hizi za simu. Hapa bwenini simu haziruhusiwi, na nyumbani simu ninayotumia ni ya baba. Jambo nililo nalo sikuweza kulisema kwenye simu ya baba.

Mjomba, ni kuhusu zile tairi.

Utakumbuka likizo ya Juni ulimpigia baba ukamwambia kwamba, kwa kuwa gari lake ndilo linalombeba mama yako, wewe utalinunulia tairi mpya zote nne, na yeye akutumie ujumbe kueleza aina anayoitaka. Baba alifurahi sana. Tairi zake zilikuwa zimebaki kipara, kashata zote za kushika barabara zimelika. Gari lile halina siku ya kupumzika. Ndilo linalompeleka kwenye mashine za kusaga anazozitengeneza, leo Namungo, kesho Marambo, na sanduku la spana linagonga nyuma njia nzima.

Unajua baba hapendi kuandika ujumbe. Hunipa mimi simu, na huniita karani wake. Siku ile alisema, "Mwandikie mjomba wako, nataka tairi za kawaida, zenye ubavu mnene, za kuvumilia mawe."

Nikamwambia, "Baba, siku hizi zipo za kisasa zaidi."

Akacheka. "Za kisasa nitazivalia wapi? Gari lenyewe ni rika lako." Kisha akaenda kuswali, akaniachia simu.

Mjomba, nilimsikia vizuri. Nataka ujue hilo kabla ya yote.

Nikafungua mtandao. Nilipata ukurasa wa Kiingereza unaofundisha namna ya kuchagua tairi za gari la kila siku. Ulieleza namba zilizoandikwa ubavuni, kwamba ya kwanza ni upana, ya pili ni urefu wa ubavu ukilinganishwa na huo upana, na ya mwisho ni ukubwa wa ringi. Ipo pia herufi inayoonyesha mwendo ambao tairi inaweza kustahimili. Nilielewa yote, na nikajisikia msomi. Juu kabisa waliweka tairi walizoziita za misimu yote na za mwendo wa juu. Ubavu wake mfupi, zinang'aa, na gari lililozivaa lilikuwa limeinama chini kama linanyatia kitu.

Zilifanana na za gari la baba yake Shakila, mwenzangu wa darasani. Gari lile likiingia shuleni wasichana hukimbilia dirishani. Letu hutangulia kusikika kabla halijaonekana, na baba hushuka akiwa na grisi mpaka kwenye viwiko. Nilitaka siku moja wasichana wakimbilie dirishani kwa ajili ya baba yangu. Naona aibu kuliandika neno hili, lakini ndilo lenye ukweli.

Nikajiambia kwamba tairi ya misimu yote itafaa masika na kiangazi, vumbi na matope. Nikakuandikia kwa jina la baba: "Shemeji, nataka za misimu yote, za mwendo wa juu, ubavu hamsini na tano." Za zamani zilikuwa sitini na tano. Ukajibu kwamba shemeji yako kumbe anajua mambo ya kileo. Baba alipotoka kuswali nikamwambia tu, "Mjomba amesema sawa." Ule ujumbe nilikuwa nimekwisha kuufuta.

Zilipofika Agosti, baba alizipapasa moja baada ya nyingine. Alibonyeza ubavu kwa kidole gumba. Akasema, "Shemeji ameamua kunirudisha ujana." Akanipa simu niandike kwamba zimefika, ni nzuri mno, na Mungu akuzidishie. Maneno hayo sikuyabadilisha hata kidogo, na hayo ndiyo hayakuwa ya moyoni mwake.

Unajua mila yetu kuliko mimi. Kitu kilichotolewa na mjomba wa watoto hakitiwi kasoro, na mbele ya mama mkwe ndiyo kabisa. Baba anaamini tairi zile umezichagua wewe. Wewe unaamini amezichagua yeye. Kila mmoja anamheshimu mwenzake, na kati yenu nimekaa mimi.

Kwenye lami ni nzuri kweli, sitazisingizia. Gari hutulia na kona hazilisumbui. Lakini njia ya kwa bibi haina lami. Gari limeshuka, na kila penye mgongo wa barabara tumbo lake linakwaruza mpaka meno yanauma.

Likizo fupi ya Oktoba nilikuwemo tulipokuwa tunamrudisha bibi kutoka kliniki. Hatujafika Mkotokuyana tukasikia mlio, gari likayumba, likaenda kusimama kwenye majani. Jiwe lilikuwa limechana ubavu wa tairi ya mbele. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Bibi alitandika kanga kwenye kivuli cha gari, akaitazama tairi, akauliza, "Hizi si ndizo za mwanangu Lukumani?"

Baba akamjibu, "Tairi hazina kosa, mama. Ni mimi sikulitazama jiwe."

Mjomba, pale hapakuwa na jiwe la kutazamwa. Barabara yote ni mawe. Baba alijitwisha kosa mbele ya mama mkwe wake, na mimi nilikuwa pembeni yake, nimeshika jeki.

Tairi iliyochanika ubavu haizibiki. Baba aliipeleka kwa Saturnini, fundi pancha wa pale Ruangwa, ambaye ni mtani wake. Saturnini aliiinua juu ili waliokaa kibandani waione.

"Shaibu, shemeji yako amekuletea viatu vya kuchezea muziki, wewe unakwenda navyo shamba."

"Shika gundi yako, unyamaze," baba akasema.

"Au anataka dada yake arudi nyumbani mapema, apokee mahari ya pili?"

Watu walicheka, na baba pia alicheka. Mimi nilitazama chini. Mjomba, walikuwa wanakucheka wewe kwa kosa langu.

Baadaye Saturnini aliacha utani. Akasema yupo dereva anaitwa Abubakary, ambaye njia yake ni lami tupu kwenda Lindi. Yeye ana tairi nene zinazoingia kwenye ringi zetu, na angefurahi kubadilishana, hata kwa zile tatu zilizobaki. Baba alikataa. "Zawadi ya shemeji haizungushwi mitaani. Akija akikuta gari limevaa nyingine, nitamweleza nini?" Akafunga ile spea ya zamani, ambayo ni kipara na ni ndefu kuliko wenzake. Sasa gari linatembea kama mtu aliyevaa kiatu mguu mmoja.

Wiki iliyofuata Mwalimu Nicholaus alitufundisha hali ya hewa ya nchi za kaskazini, misimu yao minne, theluji na barafu barabarani. Nikaacha kuandika. Misimu yote ya ule ukurasa ilikuwa misimu yao. Mawe na tope la Mkotokuyana hawakuyahesabu. Lakini siwezi kuulaumu ukurasa. Mawe baba alikuwa ameyataja kwa mdomo wake.

Sasa mawingu yameanza kukusanyika kila alasiri. Mvua ikishika, ule mteremko wa kabla ya kwa bibi unakuwa kama umepakwa sabuni, na kliniki yake inayofuata ni mwezi huu huu. Nikiwafikiria baba na bibi ndani ya gari lile, kwenye mteremko ule, darasani sisikii kinachofundishwa.

Ninakuomba umpigie baba umruhusu abadilishane na Abubakary. Bila neno lako hatafanya, na kwa neno lako atafanya siku hiyo hiyo.

Hapa juu utaona mistari niliyoikata kwa rula. Nilikuwa nimekuomba useme kwamba umeamua mwenyewe, usinitaje. Nimeikata, kwa sababu ningekuingiza na wewe katika kumdanganya. Jumapili ni siku ya wazazi. Baba akija nitampa barua hii aisome kabla sijaifunga. Asiponiita tena karani wake, nitajua nimejitakia.

Nisamehe sana, Mjomba. Umesimama kwenye barafu na kifua chako kibovu ili mama yako asafiri salama, nami nikaichezea nia yako njema.

Nisalimie mkaza mjomba Ashura, na umwambie kwamba mkeka alioomba, mama ameshaanza kuusuka. Wabusu Huzaifa na Samia. Mwenyezi Mungu akupe afya ya kifua, akuzidishie ulikopunguza kwa ajili yetu, na akulete tukuone.

Mpwa wako anayekupenda na anayengoja radhi yako,
Zulfa Shaibu

Nyongeza, Jumapili.

Baba ameisoma akiwa amekaa kwenye gari, mlango wazi, mguu mmoja nje. Kuna ukurasa aliurudia. Nilisimama nikisubiri anigombeze.

Akaniuliza, "Huwa mnalisikia gari langu mpaka darasani?"

Nikasema, "Ndiyo, baba."

"Basi vizuri. Unajua kwamba nimefika."

Nililia. Aliningoja nimalize, na hakuniambia ninyamaze. Kisha akasema jambo hili halitapita kwenye simu yake, mkono ulioandika la kwanza ndio uandike na la pili. Akanirudishia kalamu. "Haya, karani."

Haya ndiyo maneno yake: Shemeji, salaam. Mtoto niachie mimi. Naomba ruhusa yako nibadilishane na Abubakary kabla mvua haijashika. Nataka tairi za kawaida, zenye ubavu mnene, za kuvumilia mawe.

Nimemsomea. Amesema ndivyo.