Halua ya Mama Mkubwa

Mjukuu wangu Salima,

Marahaba, kama umeniamkia. Miaka miwili hujakanyaga Bagamoyo. Umesahau njia au umetusahau sisi? Maalim anaandika, mimi nasema. Mama yako hajambo. Shangazi yako ameolewa tena, wa tatu huyu.

Nimesomewa kwamba wamekukuta na ugonjwa wa sukari, nawe unauliza ufanyeje watu wakikutolea vitamu. Daktari msikilize. Mimi nitakupa la mama mkubwa, dada yake mama yangu, aliyeugua hivyo hivyo.

Nilikuwa msichana, hapa Dunda. Siku ya Idi nikapitisha sinia la halua, iliki na samli zake nazinusa hadi leo. Mama mkubwa akasema, "Mimi kahawa chungu tu, mwanangu, na karanga."

Nikaona ananiaibisha mbele ya wageni. "Nimeikoroga mwenyewe, mama. Unaukataa mkono wangu?"

Wanawake wakacheka. "Kula, bibi, mtoto asije akalia."

Akala mpaka sahani ikaisha, akanisifu. Wiki nzima hakuinuka kitandani.

Nilipokwenda kumwomba radhi, akanishika mkono. "Hukunilisha kwa ubaya. Mimi ndiye niliyeona haya kukukatalia."

Haya ile ilitaka kumuua, Salima, na mapenzi yangu yakaisaidia.

Basi ukija, nitakutolea visheti, maana najijua. Nikatalie hapo hapo, watu wasikie. Nitanuna. Wewe kaa, tafuna korosho zako mpaka nimalize kununa.