Sakafu ya Kagure

Jumanne, 14 Mei 2024
Kesho watu wa mradi wa mbu wanakuja kutoka Nyeri. Nyumba ishirini — wanatandaza shuka nyeupe sakafuni, wanapuliza dawa, wanahesabu mbu wanaoanguka. Kijiji kikipatikana na mbu wa malaria, kinapewa neti. Kama mhudumu wa afya wa kijiji, nimepita kila boma kuwaambia wajiandae. Hata kwa dada yangu Kagure, mimba ya miezi saba. Mbu wa mashamba ya mpunga huko chini hawamwachi alale.

Jumatano, 15 Mei
Sifuri. Nyumba ishirini, sifuri!
Walijiandaa, kweli. Wamefagia mpaka darini, wamefukiza moshi, wamepuliza dawa ya dukani. Nilimuuliza Kagure kama ana akili timamu. Akashangaa. "Ati watu watoke Nyeri wapate utando kwa nyumba yangu? Si wewe ulisema tujiandae?"
Ni mimi. Griffins, mkubwa wa watu wa mradi, akaandika sifuri zake kwa mwandiko mzuri.

Jumatatu, 27 Mei
Ramani ya mradi imetoka. Kijiji cha chini, chekundu. Chetu kimeachwa cheupe. Inaonekana mbu wakifika barabarani wanasoma ramani, wanarudi. Lori la neti limepita hapa bila kusimama.

Alhamisi, 6 Juni
Kagure ana malaria. Hospitali wamempa dawa, akarudi nyumbani. Mtoto bado anacheza tumboni. Akiugua tena, hawaahidi kitu.
Nimempigia Griffins, nimemtukana. Hakukasirika — nikaumia zaidi. Amesema nyumba moja tu ikiwa na mbu, anarudisha kijiji kwenye orodha. Anakuja kesho asubuhi, kwa Kagure. Nisimwambie mtu.
Sijamwambia mtu.

Ijumaa, 7 Juni
Naandika nikiwa uani kwa Kagure. Harufu ilinipata kabla sijafika mlangoni. Moshi, na ile dawa ya dukani. Akina mama wa kanisa wamesikia ni mgonjwa, wanakuja kumwombea saa nne. Kwa hivyo mama mkwe wake, Wachuka, amesafisha nyumba yote tangu alfajiri. Ameiona shuka ya Griffins, akafurahi. "Karibuni. Leo hamtapata hata mbu mmoja."
Nilitaka kulia. Nikasema asante.
Griffins amepuliza hata hivyo. Tunangoja dakika kumi mbu waanguke, zimebaki nne. Kagure amekaa juani na blanketi, anatetemeka, mkono juu ya tumbo. Kupitia dirishani naona shuka. Nyeupe. Fomu iko magotini pa Griffins, na hataki kunitazama.
Wachuka ameleta chai. Anasema mmoja wetu aombe kwanza. Nitaomba mimi: mbu mmoja tu.