Tarishi wa Mwilini

Isansa, Jumanne, Juni 1952

Baridi tangu asubuhi, ukungu haujaondoka kwenye mibuni, na mimi sina raha hata chembe.

Sindano za shangazi Esta zimekwisha. Bwana Daktari amesema nyingine hazitaletwa, na bila hizo ugonjwa utafika kifuani. Shangazi ndiye aliyenilea. Sasa kope zimemlegea, kijiko kinamshinda, na alasiri hata uji unampalia.

Daktari, kwao ng'ambo, alikuwa akipasua pweza kuchunguza mishipa yao. Mimi, dresa wake wa kufunga vidonda, pweza nimemwona pichani tu, mfuko wenye mikono minane. Anasema mshipa wa fahamu hutoa tone la maji, na maji hayo ndiyo yanayopeleka habari. Ubongo wa pweza umejaa maji hayohayo tuliyo nayo sisi. Kwa shangazi yanatoka, ila msuli hauyapokei vizuri. Sindano huyazuia yasipotee upesi.

Niliagizwa nimweleze haya. Neno gani sasa? Mjumbe? Hapa wajumbe ni wa baraza la kanisa. Nikachagua tarishi. "Shangazi, tarishi anatoka, ila hafikishi habari."

Nilijiona mjanja.

Kumbe kwake tarishi ni yule wa boma anayeleta barua. Mwanawe Yona alivuka Tunduma kwenda migodini, mwaka wa nne huu kimya.

"Ati ametoka? Basi Yona ameandika!" Akaomba avalishwe kanga ya kanisani, akakaa barazani kutazama njia ya Nanyala. Siku ya tatu leo.

Ningemsahihisha palepale. Niliogopa. Ningelazimika kumwambia mawili kwa mpigo, kwamba barua hakuna na dawa hakuna.

Daktari anafurahi kwamba sisi na pweza tu ndugu wa maji. Undugu huo haujamsaidia mtu hapa Isansa, na nilimjibu "Ndiyo, Bwana" huku moyo unachemka.

Alasiri kope za shangazi zilianguka kabisa. Akaniita, sauti ikitokea puani.

"Mwanangu, nishikie macho. Asije akapita nisimwone."

Nikazinyanyua kwa vidole, taratibu, tukatazama njia wote wawili. Hakupita mtu. Akanishukuru.

Kesho niko zahanati kutwa. Nani atamshikia?