Mvua Juu ya Ofisi Mpya

Mama,

Mvua imekataa kunyesha. Nilipoamka nilitoka nje kutazama mawingu upande wa msitu, na yako pale pale yalipokuwa jana, meupe, hayana haraka na mtu. Baba ameniuliza kama siku hizi nimekuwa mganga wa mvua. Nimekaa kwenye kigoda chako cha jikoni, nikasimama, nikafagia mahali palipokwisha kufagiwa, nikakaa tena. Basi nimeona nikuandikie, kwa sababu wewe hungenicheka ukijua ninachongoja.

Ninangoja mvua inyeshe juu ya ofisi mpya ya wakulima wa miwa kabla ya Jumamosi. Jumamosi ni siku ya kuifungua, na wageni watakuja kutoka mbali. Isiponyesha, Mzee Lubanga ataamuru vibao vyetu vya dari vishushwe, na Mama mdogo Khavetsa ataketi chini ya mabati matupu kama ulivyoketi wewe.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana mambo mengi yamebadilika.

Ulipoondoka, kiti chako cha simu katika ofisi ya zamani kilikaa bila mtu kwa muda, kisha wakampa mdogo wako. Anavaa sweta yako ya kijani. Mwanzoni nilifurahi kumwona nayo. Nilipita pale dirishani, karibu na mizani, nikaona rangi ile ya kijani na mkono unaochomeka nyaya za simu, na moyo wangu ukatulia kidogo. Halafu akaanza kurudi nyumbani kama ulivyokuwa ukirudi. Kitambaa amekifunga kuzunguka masikio. Hataki redio, hataki mtu agonge sufuria. Na ameanza kupaza sauti, Mama. Juzi alinisalimia mlangoni, "Mulembe, Ayuma!" mpaka kuku wakakimbilia migombani. Alicheka, nami nikacheka, lakini hatukucheka sana. Akanionyesha sikio la kushoto, lile la kuwekea simu. "Hii sikio inalianga hata nikiwa kanisani," akasema. "Mchungaji anahubiri, na yenyewe inahubiri yake."

Unakumbuka kanisani walivyokuwa wakisema Mama Ayuma ana sauti ya ugomvi? Mimi nilijua sauti ile ilitoka wapi. Nilikuwa nakuja kukungoja baada ya shule, nakaa chini ya meza yako na vitabu vyangu. Nje trakta zinanguruma zikingoja kupima miwa. Ndani, kila mkulima anayeingia lazima amsalimie kila karani kwa zamu, "Mulembe! Mulembe!" na kila karani aitikie, maana si adabu kunyamaza. Wewe umebana simu kwenye sikio moja na kiganja kwenye lile lingine, unapaza sauti, "Rudia! Rudia, Lumakanda, sikupati!" Kisha ikifika alasiri mvua inaanza kupiga mabati, na hapo makarani wote wanaweka kalamu chini kama watu walioambiwa waombe. Hakuna wa kusikia wala wa kusikiwa. Unavua ile simu ya kichwani, unasema, "Mungu ameshika laini. Sisi tungoje." Nilipenda utani huo. Sikujua kwamba kichwa kilikuwa kinakupasuka.

Hata nyumbani ilikuwa hivyo. Baba alipovuna miwa ya kwanza na kuezeka nyumba kwa mabati, majirani wote walikuja kuyatazama yaking'aa. Mvua ya kwanza iliponyesha, wao walikaa sebuleni wakipigiana kelele za furaha, na wewe ukachukua chai yako ukaenda kuketi katika jiko la zamani, lililoezekwa nyasi. Nilikufuata. Ukaniambia, "Hapa mvua inaongea kama mtu." Siku hizi kila boma lina mabati, Mama. Ukisimama barabarani jua likiwa kali unaweza kupofuka. Jiko la nyasi hapa kwetu ni moja tu lililobaki, na ndimo ninamoandikia.

Ofisi mpya nayo wameijenga kwa fahari hiyo hiyo. Mabati, vioo vikubwa, sakafu ya saruji iliyosuguliwa nta mpaka unajiona uso. Dari hawakuweka, ili kenchi, zile mbao za paa zilizopakwa rangi nyekundu, zionekane. Na ukuta wa ndani hakuna hata mmoja. Wakulima wenyewe ndio walioukataa. Walisema kilo za miwa hupotelea nyuma ya ukuta, kwa hiyo wanataka kumwona kila karani na kila kalamu kutoka mlangoni. Siwalaumu. Baba naye aliinua mkono. Lakini nilipoingia humo na Mama mdogo kabla haijakamilika, fundi aliangusha msumari upande wa pili na nikausikia kana kwamba umeanguka mfukoni mwangu. Mama mdogo alitazama juu kwenye mabati, kisha akatazama mahali watakapoweka meza yake ya simu, katikati ya ukumbi ule wote. Alivuta tu kitambaa chake masikioni, ingawa hapakuwa na kelele yoyote wakati huo.

Tangu siku hiyo sikutulia.

Shuleni tunaye mwalimu mpya wa fizikia, Mwalimu Nekesa. Ungempenda. Haongei kwa nguvu, na darasa zima huinama mbele ili kumsikia. Tulipofika kwenye somo la sauti alituambia kila mmoja alete tatizo kutoka kwao. Wengine walileta betri na redio. Mimi nilileta masikio yako. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba jengo la kufanyia kazi huwa na viwango vyake vya afya: vya hewa, vya mwanga, na vya kelele pia, na kwamba anayejenga bila kufikiria masikio amejenga nusu ya ofisi. Nikamuuliza kelele hupimwaje. Akasema kuna chombo, ila shule haina. "Basi tutumie kipimo gani?" akaniuliza.

Nilikuwa nacho, Mama. Ulikuwa ukisema ofisi nzuri ni ile ambayo ungeweza kumwita mtu aliye mlangoni kwa sauti ya kuomba chumvi mezani. Mwalimu hakucheka. Alikiandika ubaoni: sauti ya kuomba chumvi, kutoka meza ya simu hadi mlangoni, wakati wa mvua.

Tulichukua kasha, tukalifunika kwa kipande cha bati, na juu yake tukamwaga mchanga kuigiza mvua. Ndani tuliweka vitu mbalimbali chini ya bati. Majani makavu ya migomba yalisaidia kidogo. Nguo kuukuu zilisaidia zaidi, lakini nani atavua nguo kuvisha ofisi? Kisha nikakumbuka makapi ya miwa, yale manyuzi yanayobaki kiwandani juisi ikishakamuliwa, ambayo watu hubeba kuwatandikia ng'ombe. Tuliyakausha, tukayanyunyizia chokaa kuzuia wadudu, tukayashindilia kwenye fremu za mbao na kuzishonea gunia, vikawa vibao vya dari. Mchanga ulipomwagwa tena, wasichana wenzangu darasani walitazamana. Ule mlio mkali wa bati ulikuwa umezama. Uliosalia ni kama mtu anayepepeta mtama nyumba ya pili.

Mwalimu alinipeleka mbele ya kamati ya ujenzi nikiwa na sare yangu ya shule. Fundi Rajabu, yule mjenzi kutoka Mumias, alishika kibao chetu akakinusa. "Binti yangu," akasema, "unataka nilaze ng'ombe juu ya vichwa vya wakubwa?" Walicheka mpaka mwingine akakohoa. Nikasema siombi ukuta, naomba dari tu, na kila mkulima ataendelea kuona kila kalamu. Mzee Lubanga, mwenyekiti, akasema, "Huyu ni wa Mama Ayuma kabisa. Ila mamake angesema hayo tukamsikia mpaka Likuyani." Walicheka tena. Nilicheka nao, kisha nikalazimika kutazama viatu vyangu.

Mwishowe Mzee alikubali tujaribu. Alisema hakatai sayansi, anakataa uchafu juu ya vichwa vya wageni, kwa hiyo mvua ndiyo itaamua. Ikinyesha na tofauti ikasikika, vibao vitabaki. Isiponyesha kabla ya sherehe, vishuke, kenchi zionekane. Fundi Rajabu na vijana wake walivipigilia. Juu ya meza ya simu na makarani, mpaka juu ya mlango, tulifunga dari yote, bila kuacha nafasi. Kufika kwenye kaunta ya pembeni, wanaposimama wakulima, vibao vilikuwa vinaisha, basi tukavitundika kwa kuachanisha.

Na tangu siku hiyo mvua, ambayo hapa kwetu hunyesha bila hata kualikwa, imepotea.

Daktari hakusema ni kelele iliyokuua, Mama. Alisema ni presha. Mimi ni mwanafunzi, siwezi kuandika nisichokijua. Ninachokijua ni kwamba mwishoni ulikuwa husikii mpaka tupaze sauti. Kule wodini vitanda vilikuwa vimebanana, na kila nililotaka kukuambia lilipaswa kusikiwa na wodi nzima. Nilipaza, "Umekunywa dawa?" Nilipaza, "Baba anakuja kesho!" Wagonjwa wengine wakawa wananijibia kwa niaba yako. Na kuna neno moja nilikuwa nalo, nimelishika mdomoni mchana kutwa, nikashindwa, kwa sababu neno lile ukilipigia kelele linakuwa neno jingine. Nikarudi nalo nyumbani. Bado ninalo.

Ndiyo maana siwezi kukaa kitako. Nasikia kitu nje. Ni upepo kwenye migomba. Ngoja nikatazame.

Mama, nimerudi. Nguo zangu zimelowa na karatasi hii nimeikausha juu ya jiko, utaona mahali wino ulipotawanyika.

Ilikuwa upepo kweli, lakini nyuma yake mawingu yalikuwa yamesimama meusi. Nilikimbia. Baba aliniita, sikugeuka. Nilipofika matone makubwa yalikuwa yameanza kupiga vumbi. Makarani walikuwa ndani wakipanga meza, Mama mdogo kwenye kiti chake akijaribu laini, wakulima wachache wamekuja kushangaa vioo, na Mzee Lubanga yuko kaunta na mwavuli wake, amenuna, kwa sababu amekuja kusimamia vibao vishushwe. Fundi Rajabu alikuwa ameshaegemeza ngazi.

Ikashuka. Uliijua mvua yetu. Nje ya vioo mizani haikuonekana tena.

Na unajua makarani walifanya nini? Waliweka kalamu chini. Wote. Kwa mazoea tu, wakafunga midomo na kungoja, kama walivyongoja miaka yote. Niliwatazama pale mlangoni, na sikuelewa kwa nini nasikia maji yakidondoka kutoka kwenye sketi yangu hadi sakafuni. Halafu nikaelewa. Karani mmoja naye akaelewa, akageuza uso juu, kisha akachukua kalamu yake polepole kama anayeiba.

Mama mdogo hakupaza sauti. Alinitazama kutoka kwenye meza yako, amevaa sweta yako, akasema, "Ayuma, funga mlango, baridi inaingia."

Nilimsikia, Mama. Kila neno. Ilikuwa sauti ya chumvi.

"Amesema nini?" Mzee Lubanga akauliza kutoka kaunta, akiweka mkono sikioni. Huko kwake, kwenye vibao vilivyoachana, mvua ilikuwa bado inapiga kelele. Akazunguka kaunta, akaja mpaka chini ya dari iliyofungwa, akavua kofia. Mama mdogo akarudia, pole pole. Mzee akanguruma kwa nguvu zake zote, "NASIKIA!" Tulicheka wote, hata Fundi Rajabu juu ya ngazi. Mzee akakohoa, akatazama huku na huku, akasema tena kama mtu anayejifunza, "Nasikia."

Kisha wakulima wakaanza. "Kwa nini makarani wapewe dari sisi tuachiwe ngoma?" Mmoja alipiga kaunta. "Miwa ni yetu, makapi ni yetu, na masikio je?" Mzee Lubanga alimwambia Fundi Rajabu ashuke na ngazi yake, aende kiwandani akaombe makapi zaidi. "Ulaze ng'ombe wote," akamwambia.

Kwa hiyo vibao vitabaki, na kaunta itafungwa. Haitakamilika kufikia Jumamosi, wageni wataona kazi ya nusu, na Mzee amesema waione tu. Sikio la Mama mdogo bado linalia. Daktari aliyemwona hakuahidi kwamba litapona, alisema tu kwamba tukilipumzisha huenda lisizidi. Leo alirudi bila kitambaa. Ameketi sebuleni sasa hivi, na Baba amewasha redio, na hakuna aliyemwambia azime.

Mvua inapungua. Hapa jikoni inaongea kama mtu, kama ulivyosema. Shule inafunguliwa karibuni, na kabla sijaondoka nitapita pale ulipolala nyuma ya migomba. Nakuahidi dari ya kaunta nitaifuatilia hata nikiwa bwenini, nitamwandikia Fundi Rajabu mpaka achoke nami. Na nakuahidi nitasoma mpaka nijue kushika kile chombo ambacho shule yetu haina, ili nikiambiwa nithibitishe, nithibitishe hata siku ya jua.

Lile neno nitakuja kulisema mwenyewe, nikiwa nimeinama, sitapaza. Lakini nisije nikalibeba tena nikarudi nalo, naliweka na hapa. Siku ile wodini nilitaka kukuambia: Mama, lala, mimi nipo, siendi popote.

Lala salama, Mama.

Mwanao,
Ayuma