Mikorosho Minne ya Mzee Likwata

Nyumba ya Wanaojitolea,
Mitole, Kilwa,
Tanzania.
11 Agosti 2025

Mpendwa shangazi Sauda,

Shikamoo. Goti lako la kushoto laendeleaje? Naomba Mungu barua hii ikukute unapanda ngazi bila kumlaani fundi aliyezijenga. Mimi mwili u mzima. Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu yako husomwa na nyumba nzima, na haya nataka uyasome peke yako.

Nilipofika huku nilikusifia maisha yetu, wala sikukudanganya. Tulikuwa watatu: mimi, Benadetha kutoka Uganda na Ambrosi kutoka Burundi. Kila mtu na zamu yake ya kupika, na zamu ya Ambrosi ilikuwa maharage mpaka tumchukie. Lakini Benadetha aliposhikwa na malaria, ni huyo huyo Ambrosi aliyemfulia na kumkorogea uji siku tano bila kuombwa. Ugenini watu huwa ndugu upesi.

Kazi yetu waijua: kukata mikorosho mikongwe na kubebesha vikonyo, yaani kupandikiza vijiti vya mbegu bora kwenye visiki vyake. Ambrosi ana mkono mzuri wa kubebesha. Benadetha huandika taarifa. Mambo ya wenyeji, nani aulizwe na aulizwe vipi, waliniachia mimi, mtoto wa Pwani.

Mwezi wa sita Bi Mwahija alituruhusu tukate mikorosho iliyozeeka shambani kwake. Siku ya kazi akaenda msibani Kikole, nami sikutaka kumngoja. Nikaonyesha miti, tukakata tisa. Minne haikuwa yake. Aliipanda kaka yake, Mzee Likwata, zamani za ujana wao. Shamba la dada, miti ya kaka. Bi Mwahija hakuona haja ya kutuambia, maana Mitole nzima inajua.

Shangazi, mimi ndiye wa kukosea hapo? Minazi ya marehemu babu imo shambani kwa Mzee Fakihi hapo Takaungu tangu sijazaliwa, na tunakwenda kuangua bila mtu kutuuliza. Nilipaswa kuuliza tu kila mti ni wa nani. Sikuuliza.

Mzee Likwata hana mikorosho mingine. Vikonyo vimeshika, lakini mpaka vizae cha maana ni miaka mitatu. Alikuja, akavigusa visiki vyake kimoja kimoja.

"Miaka mitatu, wajukuu zangu," akasema. "Mimi nina themanini na moja."

Hakutugombeza. Afadhali angetugombeza.

Msimamizi wetu alituita ofisini, akauliza nani aliongoza kazi siku ile. Nikainama kuyatazama mabuti yangu. Ambrosi akanitazama, akaona hali yangu, akasema ni yeye. Jumanne iliyopita akarudishwa kwao, miezi minne kabla ya muda wake. Aliniachia mabuti yake kwa kuwa yangu yanavuja. Ni makubwa, nayavaa na soksi mbili. Benadetha anajua kila kitu, na tangu siku hiyo tunakula sahani moja bila kusemezana.

Nimechoka, shangazi. Najichukia. Mikorosho ya watu imetoa maua sasa, nami kila asubuhi lazima nipite kando ya vile visiki vinne.

Jana nilishindwa kuvumilia, nikaenda kwa Mzee Likwata na kumweleza ukweli wote. 

"Kwangu umeshasema," akaniambia. "Na kwa waliomfukuza mwenzio je?"

Basi leo nimeandika barua mbili. Hii yako, na nyingine ya ofisini yenye jina langu. Benadetha anazipeleka zote Kilwa Masoko kwa pikipiki. Nilipompa ile ya ofisini alinishika mkono, mara ya kwanza tangu Jumanne. Huenda Ambrosi asirudishwe hata hivyo. Mimi kuondolewa ni hakika.

Mama usimwambie kwanza. Nisalimie Shaaban, na Zuwena na wanawe. Mungu akuzidishie umri na akupunguzie maumivu ya goti.

Ukiniona nashuka kwenye basi na mabuti makubwa ya kiume, usicheke mbele za watu. Nitalala kwako siku mbili tatu, kisha niyapeleke kwa mwenyewe.

Ni mimi, mwanao nisiyeacha kukupenda,
Zakia