Pale pa "Mapenzi Yako"

Jumapili, 1 Desemba 2024

Jumuiya imekutana kwetu leo, hapa Kikula. Wamama wamejaa sebuleni mpaka mlangoni, watoto mikekani. Mama Georgette, kiongozi wetu, akanipa mimi Baba Yetu. Kwetu anayeongoza anasema mstari, wengine wanaurudia, ili watoto washike. Nikaanza vizuri. Kufika pale pa "mapenzi yako", ulimi ukagoma. Nikaruka moja kwa moja hadi kwenye mkate! Na wote wakaruka nami, kama mbuzi wanaofuatana. Hakuna aliyeshtuka. Mama Georgette pekee ndiye aliyefungua jicho moja.

Najua kwa nini. Mume wangu Ambroise ameondoka baada ya misa kurudi Kambove, kwenye shimo lao la kuchimba shaba, na mvua hii haijapumzika tangu Ijumaa. Nikisema mapenzi yake yatimizwe, si ni kama nimempa Mungu ruhusa? Anaweza kuitumia. Basi, nimeandika. Mungu asome akitaka.

Jumatatu, 2 Desemba

Mvua. Unga wangu sokoni umeshika unyevu, wanunuzi hakuna. Simu ya Ambroise haipatikani — akiwa chini huwa haipatikani, hilo si geni. Husema maji ya juu hayafiki chini. Mwongo mkubwa! Jumamosi alirudi na matope mpaka masikioni. Binti yetu Sephora akamcheka, nami nikacheka.

Nimejaribu kusali peke yangu nikikoroga bukari, ugali wetu wa jioni. Nimeruka tena. Mwanamke mzima, naogopa mstari mmoja wa sala.

Jumanne, 3 Desemba

Dodo amekuja. Wako ekipi moja ya uchimbaji na Ambroise. Alipovua kofia mlangoni nilijua. Alisema polepole, macho chini:

"Mama Sephora, shimo ilianguka. Bwana yako iko mu ndani na benzake. Lakini tunasikia banapiga jiwe."

Wanapiga jiwe. Basi yuko hai? Dodo alisema tu nichukue nguo ya baridi, pikipiki inangoja.

Nilikuwa nafunga kitenge Mama Georgette alipoingia. Sikumpa nafasi ya salamu. Nikamwambia hii ni adhabu, niliruka sala mbele ya watu wote, na Mungu ameona. Akakaa kitandani, akanivuta nami nikae.

"Nilisikia. Hata miye nilirukaka pale, mwaka muzima, wakati Kazadi wangu alikuwa mugonjwa."

Nikamuuliza kama mwanawe alipona.

"Alikufaka."

Na sasa je?

"Sasa ninasemaka. Na woga iko pale pale."

Nilitaka kumchukia. Amekuja kunifariji, na hicho ndicho alichokuwa nacho! Kisha akapanda pikipiki nyuma yangu bila kuombwa. Sephora amebaki kwa jirani.

Jumatano, 4 Desemba. Kambove

Wanawake haturuhusiwi kukaribia shimo. Wachimbaji hawa wanasema shaba hukimbia ikiona mwanamke. Basi tumekaa mbali kidogo, chini ya turubai, sisi wenye watu ndani. Naona migongo tu, na matope yanayotolewa kwa mifuko. Nasikia motopompe ikivuta maji kutwa nzima.

Mungu simsikii. Nasema wazi hapa: leo sijui kama yupo. Nilipokuwa mdogo kule Kapolowe, masista walitufundisha kwamba anatuona popote. Hakuna aliyewauliza kuhusu chini ya ardhi.

Hasira ikipungua naogopa zaidi. Maana kama hayupo, Ambroise yuko na nani humo gizani? Mimi niko huku kwenye turubai.

Wamama wamesali kwa sauti, wameimba mpaka koo zimekauka. Mimi nilikuwa nafungua mdomo tu. Mchana wanaume wakasema kugonga kumekuwa hafifu. Baadaye hawakutuambia kitu tena.

Alhamisi, 5 Desemba

Asubuhi. Wamezima motopompe ili wasikilize. Sisi tulikuwa katikati ya rozari. Dodo akatujia mbio, akaomba samahani, kwa adabu kabisa, kisha:

"Bamama, muache kusali. Sala yenu inafunika mulio ya chini."

Tuache kusali! Mama mmoja alitaka kubisha, Mama Georgette akamshika mkono. Tumenyamaza. Naandika ili nisilie kwa sauti.

Dodo amelala kifudifudi pembeni mwa shimo, sikio kwenye udongo, mkono mmoja juu: mtu asiseme. Hata watoto wa hapa wamesimama tuli.

Mama Georgette anasali kwa midomo tu. Naifuata midomo yake mstari kwa mstari, kama watoto wanavyofanya kwetu. Amefika pale. Midomo imesimama. Ananiangalia, ananingoja.

Baba, mapenzi yako nayaogopa. Nayaogopa kuliko shimo lenyewe. Ningekuwa na mwingine wa kumwambia hivyo ningemwendea, lakini sina.

Nimesema. Sauti haikutoka, ila maneno yote nimeyasema, sikuruka. Mama Georgette amefumba macho tena, ameendelea na mkate.

Dodo amegeuza kichwa. Ameweka sikio la pili. Mkono bado uko juu.