Usije Jumatatu, Baba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeketi, na kwamba ule mkono wa kushoto umeacha kufa ganzi. Mama naye vipi, magoti yanamruhusu kupanda ngazi? Mwambie namsalimu sana, na asikufiche barua hii kwa kuogopa presha yako. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo inayochemka, na nimeandika badala ya kupiga simu ili nimalize maneno yangu kabla hujaniambia nitulie.

Unaijua kazi yangu hapa maabara: kuwapasua kondoo wa majaribio na kuifuata mishipa yao ya damu kutoka moyoni hadi kichwani. Wateja wako wa buchani wamechoka kusikia kwamba binti yako anapasua kondoo kama wewe, ila yeye huvaa koti jeupe. Kijibomba ambacho Profesa anataka kukuwekea kwenye mshipa wa shingo ulioziba kiliwekwa kwanza kwenye shingo za kondoo kumi na wawili. Hakupooza hata mmoja. Profesa, ambaye tunamwita Hapana Shaka kwa kuwa kila sentensi yake huishia hapo, akaandika kwenye ripoti kwamba kifaa ni salama kwa binadamu.

Salama kwa binadamu yupi? Wewe umepasua vichwa vya kondoo miaka thelathini, Baba. Unaujua ule wavu wa vimishipa vyembamba chini ya ubongo, unaong'ang'ania damu hata ukiusuuza mara tatu. Damu ya kondoo hupita humo kabla ya kufika kwenye ubongo. Kijibomba kikiachia kibonge cha damu iliyoganda, kinanasa kwenye wavu, na kondoo anaendelea kutafuna majani yake. Sisi watu hatuna wavu huo. Kwako kibonge kingepanda moja kwa moja, na safari hii usingekufa ganzi mkono tu.

Wiki iliyopita maji yalikatika maabara nzima. Kondoo wa kumi na mbili alikuwa tayari mezani, nikashindwa kumsuuza, basi nikamtazama hivyo hivyo kwa kioo cha kukuza. Nikaona vibonge saba vimenasa kwenye wavu. Nikaenda mbio ofisini kwa Profesa na trei mkononi. Hata kalamu hakuiweka chini! Akaniambia nimeajiriwa kukata, kufikiri ni kazi ya wengine. Akasema kichwa kimoja kichafu hakifuti vichwa kumi na kimoja safi, akanionyesha picha za vichwa hivyo ukutani, nyeupe na za kupendeza, kisha akaniambia nifunge mlango nikitoka. Mtu aliyesoma miaka yote ile! Nilishuka kwa hasira hadi ngazi ya mwisho.

Hapo kwenye ngazi ndipo nilipoelewa, na hili ndilo linaloninyima raha. Vile vichwa kumi na kimoja vilikuwa safi kwa sababu nilivisafisha mimi. Maagizo yamebandikwa juu ya sinki, yanasema kichwa kisisuuzwe kabla ya kukaguliwa. Nilicheka nilipoyasoma. Nilijisemea yameandikwa na watu wasioijua kazi, maana kwako buchani, nilipokuwa nikikusaidia, nilikuwa sithubutu kukabidhi kichwa kabla maji hayajatoka meupe. Basi nilifungulia bomba, nikasuuza ushahidi wote, na Profesa akanisifu kwa mikono yangu. Na jina lako kuwa la kwanza kwenye orodha ya wagonjwa, Baba, si bahati kama nilivyokuambia. Nilimbembeleza mimi mwezi mzima.

Nimeyaandika yote haya na kutia sahihi, nikayapeleka kwenye kamati ya usalama pamoja na ule wavu wenye vibonge ndani ya chupa. Wamenishukuru kwa adabu, wakasema watakutana Alhamisi. Alhamisi! Na wewe unapasuliwa Jumatatu! Profesa anasema hasimamishi kitu. Atakupigia simu kwa sauti tamu, atakuambia binti yako amechoka na anahitaji likizo. Mkatalie. Usitie sahihi karatasi yoyote. Nimeongea na yule daktari wa kike aliyekutibu mara ya kwanza. Anasema endelea na vidonge, na baada ya wiki tatu atakufanyia upasuaji wa kawaida yeye mwenyewe. Kazi hapa sidhani kama bado ninayo, na nastahili kuipoteza.

Nisalimie dada na watoto wake, na fundi wa jirani. Mama akikuona umekasirika, mpe naye asome, halafu mnikasirikie pamoja; nitakuja Jumamosi, kamati ikishakutana, kuyapokea yote ana kwa ana. Ila mlango ukigongwa Jumatatu na dereva wa hospitali, usitoke, Baba. Nakuomba kwa magoti.

Ni mimi mwanao, ambaye tangu utotoni ulimwita Bi Safi. Tafadhali usiniite hivyo tena.